Vyuo vikuu viziombee seva zake zote vyeti vya usalama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na vyuo vikuu vyetu kuhusu jambo ambalo nadhani wakuu wake hawalioni, kwa sababu wao huifungua mifumo yao wakiwa ndani ya uzio wa chuo, ilhali sisi wa mikoani tunaifungulia huku, kwa mtandao wa kuchangia na kwa haraka ya siku ya mwisho. Jambo lenyewe ni vyeti vya usalama vya seva (kompyuta zinazoendesha mifumo ya chuo), yaani zile hati za kielektroniki zinazokihakikishia kivinjari cha mtumiaji, ile programu ya kufungulia tovuti, kwamba seva aliyoifikia ni ya chuo kweli, na kwamba anachokiandika hakitasomwa na mtu mwingine njiani. Ombi langu ni kwamba kila chuo kikuu kiviombe vyeti hivyo kwa kila seva inayopokea taarifa za watu, kiviombe mapema, na kisingoje kimoja kiishe ndipo kianze kuandika barua ya kuomba kingine.

Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma mjini: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, na kompyuta sita za wateja. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, benchi langu la nje halikauki watu mpaka vyuo vifunguliwe. Wa Ujiji na Gungu wanakuja kwa miguu, wa Uvinza na Kasulu kwa basi, wa vijiji vya mwambao kwa boti za Kibirizi, kila mmoja na bahasha yake ya kaki, na karibu wote wananiachia kibodi mimi wakawa wananitajia namba niandike. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho, mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Mwaka jana, siku ya mwisho ya kuthibitisha udahili, alikuja binti wa Ujiji akiongozana na mama yake, ambaye anauza dagaa Kibirizi. Binti alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili, na ile namba ya siri ya kuthibitishia kimoja alikuwa ameshatumiwa kwenye simu. Nilipofungua mfumo wa chuo alichokitaka, ukurasa haukuja. Likaja onyo jekundu lenye pembetatu, likisema kwamba muunganisho haukuwa wa faragha na kwamba huenda wapo watu wanaojaribu kuiba taarifa. Nikabonyeza penye maelezo zaidi, nikaona cheti cha seva ile kilikuwa kimeisha muda siku mbili kabla. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na mfumo ulikuwa ufungwe usiku uleule. Nikabonyeza maandishi madogo ya chini, yale ya kuendelea kwa kujitakia, na binti akaanza kunitajia: namba ya mtihani wa kidato cha nne, nywila, namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, na mwisho ile namba ya siri.

"Kaka, hayo mekundu yalikuwa yanasemaje?" mama akaniuliza.

"Ni kawaida, mama. Mifumo ya vyuo ndivyo ilivyo."

Akasema, bila ugomvi, kwamba pale Kibirizi gunia lisilo na risiti ya ushuru halivuki geti hata kama mwenye nalo anajulikana na kila mtu. Akalipa, wakaondoka. Jibu langu lile limenikaa kooni mpaka leo, na kinachonikera zaidi ni kwamba lilikuwa jibu la kweli: ni kawaida. Katika misimu kadhaa ya udahili nimewaonyesha vijana wengi wa mkoa huu namna ya kuliruka onyo la usalama, na wengine wamekwenda kuwafundisha wenzao.

Nieleze kidogo cheti hiki kinafanya nini, maana nimeona hata waliosomea kompyuta wakikiita kile kikufuli na kuishia hapo. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni utambulisho: ndani yake mmeandikwa jina la seva, tarehe ya kuanza na ya kuisha, ufunguo wa umma wa seva hiyo, na sahihi ya mamlaka iliyokitoa, yaani taasisi yenye kazi ya kutoa vyeti. Kivinjari kina orodha ya mamlaka kinazoziamini. Kinalinganisha jina lililo kwenye cheti na lililo kwenye anwani, kinaangalia tarehe, kinakagua sahihi, na kimoja katika hivyo kikikataa ndipo linapokuja lile jekundu. Kazi ya pili ni kuwezesha usimbaji, ambapo kivinjari na seva hukubaliana ufunguo wa muda ambao aliye katikati haujui, na kila kinachopita kinakuwa maandishi yasiyosomeka. Utaratibu huu uliasisiwa na kampuni ya Netscape katikati ya miaka ya 1990 kwa jina la SSL, ukaitwa TLS mwaka 1999, na toleo lake la 1.3 ni la mwaka 2018. Mwezi Julai wa mwaka huohuo wa 2018 kivinjari cha Chrome kilianza kuuandikia kila ukurasa usiotumia cheti kwamba si salama, kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kusema hakikuonywa.

Huyo aliye katikati si hadithi ya kutungwa. Hapa dukani kompyuta zote sita, pamoja na simu za wateja wanaosubiri, zinapita kwenye ruta moja ambayo nywila yake nimeibandika ukutani juu ya mashine ya kopi. Kijana anayejua anachokifanya anaweza kukaa kwenye kibanda cha chai cha ng'ambo ya barabara, akawasha mtandao wa simu yake na kuupa jina na nywila zilezile za duka langu, na simu kadhaa za benchini zikajiunga naye bila kumuuliza mtu. Mfumo wa chuo ukiwa hauna cheti kabisa, kijana huyo atasoma kila herufi. Ukiwa na cheti kizima hataambulia kitu, na akijaribu kuleta ukurasa wake wa kughushi, kivinjari kitaweka lile onyo jekundu. Lakini onyo hilo, Ndugu Mhariri, machoni pa mteja halina tofauti na onyo la cheti cha chuo kilichoisha juzi. Chuo kilichowazoeza waombaji wake kuliruka kimemtengenezea tapeli njia, na si njia ya kuingilia chuo hicho peke yake, kwa kuwa mkono uliozoea kubonyeza "endelea" utabonyeza vilevile siku onyo litakapotokea kwenye ukurasa wa benki.

Kwa mwombaji wa Dar es Salaam, akaunti yake ikiingiliwa na udahili ukathibitishwa mahali asipopataka, dawa ni daladala mbili mpaka ofisi ya udahili. Wa Kigoma yuko zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka huko. Atapiga simu isiyopokelewa, ataandika barua pepe, atarudi kwangu kesho na keshokutwa kuangalia kama amejibiwa, na dirisha litafungwa akiwa bado amekaa kwenye benchi langu.

Kasoro ninazokutana nazo si za namna moja. Cheti kilichoisha ndiyo maarufu. Iko pia ya majina kutolingana: chuo kimeuombea cheti ukurasa wake wa mbele, ule wenye picha za mahafali, lakini mfumo wa maombi unakaa kwenye jina lingine, wa matokeo jingine, wa maktaba jingine, na majina hayo hayamo kwenye cheti. Wapo wanaompeleka mwombaji kwenye anwani ya tarakimu tupu, isiyo na jina la chuo hata moja, ambayo mimi mwenyewe siwezi kuitofautisha na ya tapeli. Na wapo ambao seva yao imejitolea cheti yenyewe. Usimbaji upo, ni kweli, lakini ni sawa na mtu kujiandikia barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na kuigonga muhuri aliouchonga mwenyewe sebuleni.

Iko moja iliyonisumbua msimu mzima. Kompyuta za duka zilikuwa zinaufungua mfumo wa chuo fulani bila tatizo, simu za wateja zinaukataa, nami nikawa nawaambia simu zao ni mbovu. Mpwa wangu, ambaye amesomea mambo haya, ndiye aliyenifumbua macho. Mamlaka za vyeti kwa kawaida hazitii sahihi kwenye cheti cha seva kwa ufunguo wao mkuu. Hutumia cheti cha kati, na seva inatakiwa imtumie mgeni vyote viwili, chake na hicho cha kati. Fundi wa chuo alikuwa amesimika kimoja. Vivinjari vingi vya kompyuta hukitafuta kile kilichokosekana, au hukikumbuka kutoka tovuti nyingine viliyopita, lakini vya simu mara nyingi havijisumbui. Kwa hiyo fundi akijaribu kwa kompyuta ya ofisini kwake anaona mambo ni shwari, na waombaji walio wengi wanatumia simu.

Niseme na la kwangu, nisije nikaonekana hodari wa kunyooshea wenzangu vidole. Kuna wiki moja nilivilaumu vyuo vitatu mbele ya wateja kwa sababu kompyuta yangu ya pembeni ilikuwa inakataa mifumo yao yote. Ilipoanza kukataa hata tovuti za magazeti ndipo nikatazama saa ya kompyuta yenyewe: betri ile ya ndani, ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika tarehe ilirudi nyuma miaka kumi na kitu, ikawa kila cheti duniani kinaonekana hakijaanza kutumika. Nilinunua betri, nikawaomba radhi wachache niliokumbuka sura zao.

Sasa kuhusu gharama, kwa kuwa ndiyo sababu ninayoisikia mara nyingi. Zamani ilikuwa na uzito. Lakini tangu Desemba 2015 mpango wa Let's Encrypt, unaoendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara ya Marekani, unatoa vyeti bure kwa yeyote anayethibitisha kwamba jina la tovuti liko mikononi mwake, na vyeti hivyo vinakubaliwa na vivinjari vyote vikubwa. Miongoni mwa walioasisi mpango huo alikuwamo mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na watu wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, na wa Electronic Frontier Foundation, asasi inayotetea haki za watumiaji wa intaneti. Cheti chao cha kawaida kina siku 90, muda ambao unaonekana mfupi mpaka ujue kwamba programu ndogo iliyoko kwenye seva ndiyo inayokiomba na kukihuisha, usiku, watu wamelala, kwa utaratibu uitwao ACME ambao ulichapishwa rasmi kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2019.

Ghali ni mwendo wa mafaili yetu. Mpwa wangu huyo alifanya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja ambacho sitakitaja, akaona ombi la cheti linavyosafiri. Ofisa wa seva aliandika dokezo kwa mkuu wa kitengo. Mkuu wa kitengo akalipandisha ngazi ya juu. Likashuka na maelekezo kwamba lipitie manunuzi. Manunuzi wakataka nukuu tatu za bei. Wazabuni wawili wakaleta, wa tatu akawa safarini. Faili likiwa limelala mezani, cheti kikaisha, na wanafunzi wakaanza kuingia kwenye mfumo wa matokeo kwa kuruka onyo. Mpwa wangu alipouliza kwa nini wasiombe cha bure, alijibiwa kwamba kitu kisicho na ankara hakina pa kuingizwa kwenye vitabu. Niliposimuliwa nilicheka, kisha nikamkumbuka yule mama na gunia lake lisilovuka geti.

Maana ombi la cheti, kwa hakika yake, ni faili dogo la maandishi lisilojaza hata ukurasa mmoja. Fundi anaketi kwenye seva, anaiagiza itengeneze jozi ya funguo: ufunguo wa siri, ambao haupaswi kutoka kwenye seva hiyo kwa sababu yoyote, na ufunguo wa umma, ambao unaingizwa katika ombi pamoja na majina yote ya seva inayohusika, na jina la taasisi pale linapotakiwa. Kwa funguo za aina ya RSA, urefu wa biti 2,048 ndicho kiwango cha chini kinachokubaliwa. Mamlaka ikishapokea ombi, humtaka mwombaji athibitishe kwamba jina ni lake, ama kwa kuweka faili wanalomwelekeza mahali wanapomwelekeza kwenye seva, ama kwa kuandika rekodi katika mfumo wa majina ya intaneti. Vyeti vya daraja la juu huhitaji pia uthibitisho kwamba taasisi yenyewe ipo kisheria, na hapo ndipo barua yenye muhuri wa chuo inapoweza kuwa na kazi. Kwa cheti cha kawaida shughuli yote ni ya dakika chache. Kinachofuata ni kukisimika pamoja na kile cha kati, kuiwasha huduma upya, na kuijaribu kutoka nje ya chuo kwa simu, ikiwezekana simu ya bei nafuu kama za wateja wangu.

Penye ufunguo wa siri nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Katika kitengo kile mpwa wangu aliukuta ndani ya flashi, kwenye droo moja na funguo za stoo, na nakala nyingine ilikuwa imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ili iwe rahisi kupatikana fundi wa zamu akiuhitaji. Aliye na ufunguo huo pamoja na cheti anaweza kujifanya seva ya chuo, na kivinjari cha mtoto wako hakitatoa onyo lolote, si jekundu wala la rangi nyingine. Ukishatoka nje hivyo, kuhuisha cheti kwa ufunguo uleule ni kujidanganya. Inabidi itengenezwe jozi mpya, na mamlaka iombwe ikibatilishe cheti cha zamani. Hata mafundi waliokwishahama chuo hicho bado wamo kwenye kundi lile la WhatsApp.

Ni kwa sababu hiyo siwashauri wakuu wa vyuo wakimbilie kile cheti cha nyota, kinachofunika majina yote ya chini ya jina la chuo kwa mkupuo. Kina raha yake, hasa kwa anayelipia, kwani analipa mara moja. Lakini ufunguo wake hunakiliwa kwenye seva ya barua pepe, ya maktaba, ya masomo kwa mtandao, na hata kwenye ile kompyuta kuukuu ya idara ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiweka, na hiyo kuukuu ikiibiwa ufunguo, zote zimeibiwa. Maadamu vyeti vya bure vipo, kila seva iwe na chake.

Kuna jambo lingine litakalowakuta wale wanaotegemea dokezo na nukuu tatu. Tangu Septemba 1, 2020 cheti cha tovuti kinachoaminiwa na vivinjari hakikuruhusiwa kuzidi siku 398. Aprili 2025 jukwaa linalowakutanisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari lilipitisha kwamba muda huo upunguzwe kwa awamu: siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia Machi 15, 2026, siku 100 kuanzia Machi 15, 2027, na siku 47 kuanzia Machi 15, 2029. Siku 47 hazifiki hata wiki saba. Chuo kilichokuwa kinashindwa kukumbuka cheti cha mwaka mmoja kitatakiwa kukihuisha mara nane kwa mwaka au zaidi, kwa kila seva, na hakuna kamati ya manunuzi itakayokutana mara zote hizo kwa ajili ya faili lisilojaza ukurasa. Ama seva zijiombee zenyewe, ama waombaji wetu wazoee jekundu moja kwa moja.

Nisidanganye kwamba cheti ni kinga ya kila kitu. Tapeli naye anaweza kujiombea cheti halali kwa jina alilolisajili lenye herufi moja tofauti na la chuo, na kikufuli chake kitakuwa kizuri vilevile. Ndiyo maana ni vyema mifumo yote ya chuo ikae chini ya jina lake linaloishia na ac.tz, ambalo mtu baki hawezi kulijia tu na kulichukua. Hata mamlaka yenyewe inaweza kuvamiwa. Mwaka 2011 kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi iliingiliwa, vikatolewa vyeti vya uongo, kikiwamo cha Google kilichotumika dhidi ya watumiaji walioko Iran. Vivinjari viliiondoa kampuni hiyo kwenye orodha zao, ikafilisika mwaka huohuo. Baada ya hapo ulianzishwa utaratibu wa kuandika kila cheti kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na tangu 2018 Chrome haivipokei vyeti vipya visivyoandikwa humo. Kwa hiyo chuo kinaweza, bila kulipa senti, kuangalia ni vyeti gani vimetolewa kwa jina lake na kama kuna kisichokitambua, na kinaweza pia kutangaza kwenye rekodi za jina lake ni mamlaka ipi tu inayoruhusiwa kukitolea vyeti. Sijui ni vyuo vingapi hapa nchini vyenye mtu aliyepewa kazi hiyo kwa maandishi.

Vyuo vidogo vitasema havina fundi wa kutosha, na katika hili nawaelewa. Ulaya, mitandao ya kitaifa ya elimu na utafiti iliyo chini ya muungano wao uitwao GÉANT huvipatia vyuo wanachama vyeti kwa mpango wa pamoja, na Marekani ipo huduma ya namna hiyo kupitia InCommon, ushirika wa vyuo vya huko. Sisi tunao Mtandao wa Elimu na Utafiti, TERNET, ambao vyuo vyetu ni wanachama. Ni mahali panapofaa pa kukutanisha mafundi, kuandaa mwongozo mmoja wa Kiswahili wa kuomba na kusimika vyeti, na kusaidia chuo chenye fundi mmoja anayeshughulikia pia projekta na printa. Upande wa sheria hakuna kisingizio: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na sidhani kama kuna taasisi nyingi nchini zinazokusanya taarifa za vijana kwa wingi kama vyuo vikuu katika miezi ile mitatu ya udahili.

Kwa sasa ninachokiomba kianze kufanywa kabla ya dirisha lijalo ni kidogo. Kila chuo kiorodheshe seva zake zote zinazofunguka kutoka nje, pamoja na zile zilizosahauliwa, kimpe ofisa mmoja dhamana ya vyeti vyake na mwingine wa kumsaidia akiwa likizo, kisha kiweke kwenye tovuti anwani ya kupokelea taarifa za hitilafu inayosomwa na binadamu. Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Niliwahi kukiandikia chuo kimoja kwamba cheti cha mfumo wake wa maombi kimeisha, nikaambatisha na picha ya onyo. Siku ya tisa nilijibiwa kwa adabu zote kwamba ili nihudumiwe nitaje namba yangu ya usajili wa mwanafunzi.

Dukani nimeanza kukataa. Onyo likitokea kwa mfumo wa chuo tunapiga kwanza simu chuoni, na kama siku si ya mwisho tunasubiri. Wateja wengine wananuna na kuvuka barabara kwenda kwa jirani yangu, ambaye anabonyeza tu. Siku ikiwa ya mwisho, kusema kweli, bado sijapata la kufanya.

Yule binti yuko mwaka wa kwanza na hakuna baya lililompata, namshukuru Mungu. Mama yake alipita wiki iliyopita kutoa kopi, akauliza kama yale mekundu bado yapo. Nikaufungua mfumo ule mbele yake, ukaja bila onyo. Nikabonyeza kwenye anwani, tukakisoma cheti pamoja: jina lililingana, mamlaka ni ya kuaminika, na kilitolewa siku tatu baada ya wao kuondoka hapa dukani, kwa muda wa mwaka mmoja. Alikuwa wa kwanza kupiga hesabu. Kalenda ya udahili isipobadilika, kitaisha tena katika wiki ileile ya kuthibitisha. Tarehe hiyo nimeiandika kwenye kalenda iliyo juu ya printa, na nakala ya barua hii nimeituma kwa kitengo cha TEHAMA cha chuo hicho.

Wako,
Mwenye steshenari,
Mwanga, Kigoma